Kocha wa Marekani Haji Mariakani

Ni nyumba chache Mariakani ambazo hazijawahi kumpeleka kijana kujaribu bahati ya jeshi. Kambi iko hapa hapa mjini, na utaratibu wa kuandikisha makurutu wanaujua hata watoto wa shule ya msingi. Tangazo linatoka gazetini, siku inatajwa, vijana wanafika uwanjani alfajiri na vyeti vyao kwenye bahasha ya kaki. Wanakimbizwa, wanapimwa urefu na uzito, wanakaguliwa meno na nyayo. Kwa kuruta wa kawaida, alama ya D katika KCSE inatosha. Kabla jua halijatua, waliochaguliwa wameshapewa barua.

Nimeanza na jeshi kwa sababu ndilo lililotuzoesha, sisi wa upande huu wa Kaloleni, namna ya kufikiria kipaji. Tumezoea kwamba kipaji huonwa kwa macho: mwenye mamlaka anakuja, anatazama, ananyoosha kidole. Polisi, magereza na Bandari nao wamechukua wachezaji vivyo hivyo, na wapo waliojengea wazazi wao nyumba za mawe kwa mshahara ulioletwa na miguu yao. Basi mzazi akisikia kwamba vyuo vikuu vya Marekani hulipia karo vijana wanaokimbia, wanaoruka au wanaocheza mpira, swali lake huwa lile lile: huyo kocha anakuja lini?

Haji. Na mtoto anayekaa kumngoja anapoteza Kidato cha Pili na cha Tatu, miaka ambayo mambo yake yanaamuliwa mbali na uwanja, bila yeye kujua.

Kweli, kuna sehemu ya Kenya ambako makocha hao hufika, au angalau hupiga simu. Miaka ya 1970 kocha John Chaplin wa Chuo Kikuu cha Washington State alipata Wakenya waliogeuza chuo chake kuwa jina la dunia. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi huko. Mwaka uliofuata Henry Rono, naye wa chuo hicho hicho, akavunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81, ikiwemo ile ya Kimobwa. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, dhahabu ya mita 800 ilichukuliwa na Paul Ereng, kijana wa shule ya Starehe aliyekuwa Chuo Kikuu cha Virginia, na ile ya mita 1,500 ikachukuliwa na Peter Rono wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland. Peter Rono alitoka St. Patrick's Iten, kwa Bruda Colm O'Connell, yule mwalimu kutoka Ireland aliyefika pale mwaka 1976.

Ukiifuata orodha hiyo, utaona jinsi mlango ulivyofunguka. Mkenya mmoja akifanya vizuri, kocha humwuliza: nyumbani kuna mwingine kama wewe? Naye humtaja mdogo wake, jirani, au mwenzake wa darasani. Mwalimu wa Iten akisema kijana fulani anaweza, kocha wa Marekani anaamini bila kumwona, maana neno la mwalimu huyo limeshajaribiwa mara nyingi. Bonde la Ufa lina mtandao wa nusu karne. Pwani hatuna. Na kukosa mtandao ni jambo tofauti kabisa na kukosa kipaji, ingawa kwetu mambo hayo mawili yamechanganywa mpaka watoto wenyewe wameamini kwamba riadha ni ya watu wa milimani.

Asiye na mtu wa kumsemea, anasemewa na namba. Hapo ndipo penye kazi kubwa, na ndipo shule zetu zinapowaangusha watoto bila kukusudia.

Kocha wa chuo hukaa mbele ya kompyuta yake akilinganisha. Mita 400 za msichana wa Jamaika, za mvulana wa Texas na za binti wa Kaloleni zote zinaingia kwenye jedwali moja. Za wenzetu zimepimwa kwa mashine, zimechapishwa kwenye mtandao, na jina la mashindano lipo. Zetu zimekimbiwa kwenye uwanja wa nyasi uliochorwa kwa chokaa asubuhi ile ile, mwalimu ameshika saa mkononi, na matokeo yameandikwa kwenye karatasi iliyobaki ndani ya gari la shule. Kocha akiletewa muda wa mita 100 uliopimwa kwa saa ya mkono, huongeza sekunde 0.24 kabla hajaanza kuutafakari. Akikosa kipimo cha upepo, anajiuliza kama ulizidi mita 2 kwa sekunde. Akishindwa kujua uwanja ulikuwa na urefu gani hasa, anafungua barua inayofuata.

Dawa yake inajulikana. Riadha Kenya huandaa mashindano ya mwisho wa wiki katika msimu, na baadhi yake hufanyika kwenye viwanja vyenye mashine za kupimia muda. Mbio mbili za namna hiyo kwa mwaka zinamfaa mtoto kuliko makombe kumi ya kanda. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi ni mzigo kwa familia, silifichi hilo, lakini kamati ya wazazi inayochangishana kwa ajili ya jezi mpya ingeweza kupanga upya matumizi yake. Tena mtoto wa Pwani ana faida ambayo haitajwi mara nyingi. Vyuo vya Marekani hurekebisha muda kulingana na urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Mbio fupi zilizokimbiwa Nairobi hukatwa thamani kidogo, kwa kuwa hewa nyepesi humsaidia mkimbiaji. Mariakani tuko chini, mita mia mbili hivi, kwa hiyo muda wa mita 200 uliopimwa vizuri Mombasa haukatwi hata chembe.

Kuna pia michezo isiyohitaji mashine ya gharama. Mkuki, tufe na kisahani hupimwa kwa utepe. Mkuki uliotua mita 60 umetua mita 60, iwe Oregon au Mariakani, mradi utepe ni wa chuma, mkuki una uzito halali, na video inaonyesha mtupo mzima kutoka kukimbia hadi kusoma kipimo. Julius Yego alijifunza kurusha kwa kutazama video za YouTube, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Timu ya chuo inahitaji pointi za warushaji na warukaji sawasawa na inavyohitaji za wakimbiaji, na kwenye mita 5,000 nafasi zinagombewa na Kenya nzima pamoja na Ethiopia na Eritrea. Mwalimu wa michezo wa Kilifi anayempeleka kila mtoto mwepesi kwenye mbio ndefu anampeleka kwenye foleni ndefu kuliko zote.

Lakini namba za uwanjani ni nusu tu. Nusu ya pili iko ofisini kwa mwalimu mkuu.

Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, NCAA, kina ofisi inayokagua masomo ya kila anayetaka kucheza katika daraja la kwanza na la pili. Inataka masomo ya msingi 16 katika miaka ya sekondari; kwa daraja la kwanza, miaka 4 ya Kiingereza, 3 ya hesabu, 2 ya sayansi, 2 ya masomo ya jamii, na yanayobaki kutoka humo humo au kwenye lugha na dini. Wastani wa chini kwa daraja la kwanza ni 2.3 kati ya 4, kwa daraja la pili 2.2. Mtihani wa SAT uliondolewa kwenye masharti hayo Januari 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza bado kuudai. Na ofisi hiyo haitosheki na cheti cha KCSE peke yake. Inataka kumbukumbu za masomo tangu mwaka wa 9 wa shule, ambao kwa mtaala wetu wa zamani ni Kidato cha Kwanza.

Mama yake mtoto ana ripoti ngapi za Kidato cha Kwanza nyumbani? Shule inazo? Kuna shule ambazo kabati la kumbukumbu liliharibiwa na mchwa, na nyingine ambazo karani akistaafu anaondoka na utaratibu wote kichwani. Halafu kuna vyeti vinavyozuiwa kwa sababu ya deni la karo. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 imekataza shule kuzuia cheti cha mtahiniwa, lakini wazazi wengi hawalijui hilo, au wanaona haya kudai wakati wanadaiwa. Kijana mwenye miguu ya dhahabu hukaa mwaka mzima akiuza maji barabarani, karibu na mizani ya malori, huku cheti chake kikiwa kwenye droo ya mtu.

Mwaka huo mzima una uzito. Katika riadha, kanuni zimempa mwanafunzi takriban mwaka mmoja baada ya kumaliza sekondari ajiunge na chuo. Akiendelea kushindana zaidi ya hapo kabla ya kujiunga, anaanza kupoteza misimu yake ya kuchezea chuo. Kanuni za umri zinajadiliwa upya sasa hivi, na upepo unavuma kuelekea ukali zaidi, kwa sababu makocha na wazazi wa Kimarekani wamelalamika kwamba vijana wao wa miaka 18 wanashindana na watu wazima kutoka ng'ambo. Kwetu matokeo ya KCSE hutoka Januari, vyeti vyenyewe hufika shuleni miezi kadhaa baadaye, na mwaka wa masomo wa Marekani huanza Agosti. Anayeanza kuandikia makocha baada ya matokeo amechelewa. Kwa michezo mingi, riadha ikiwemo, kocha wa daraja la kwanza anaruhusiwa kuwasiliana na mwanafunzi kuanzia tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Barua ya Kidato cha Pili isipojibiwa, mtoto asivunjike moyo: kocha amefungwa na kanuni. Ya Kidato cha Tatu ndiyo ya kufuatiliwa, kwa upole, kila matokeo mapya yakipatikana.

Wazazi wa watoto wanaoingia sekondari ya juu ya mtaala mpya, iliyoanza Januari 2026, wana jambo la ziada la kuangalia. Kuna mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na mzazi wa mchezaji ataona ndio wa mwanawe. Huenda ikawa hivyo. Ila mkondo huo haumwondolei mtoto hitaji la hesabu na sayansi mbele ya ofisi ya NCAA. Kabla ya kuchagua, wakae na mwalimu, orodha ya masomo 16 iwe mezani, wayahesabu moja baada ya jingine.

Na yule ambaye alama zake hazikufika? Yako mapito mengine. Vyuo vya miaka 2 vina michezo yake na ufadhili wake, na masharti yake ya kuingia ni mepesi zaidi. Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha aina hiyo katika mji mdogo wa Levelland, Texas. Kutoka hapo akahamia Texas Tech, akashinda mataji 9 ya NCAA, akahitimu uuguzi, na mwaka 2012 akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 10,000 kule London. Hakuanzia kwenye jina kubwa. Kwa wale walio kinyume, wenye alama za juu na muda wa wastani, kuna mfano wa KenSAP, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi John Manners. Huo ulitafuta kwanza wanafunzi waliong'ara katika KCSE, ukawaandaa kwa mitihani na mbio, na umewapeleka kwenye vyuo vyenye heshima kubwa, Harvard ikiwemo. Laiti Kilifi ingekuwa na mradi kama huo. Fedha za basari ya kaunti zipo, walimu wapo, na gharama ya kuuendesha ni ndogo kuliko ya uwanja mmoja.

Sasa pesa, maana hapa ndipo familia zinapoumia.

Neno ufadhili likitamkwa, sisi tunasikia ufadhili kamili. Katika riadha, kwa miaka mingi, timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na nafasi 12.6 za ufadhili, na ya wanawake 18, zigawanywe kwa wanariadha wote. Kocha aliikata posho hiyo vipande: huyu nusu, yule robo, yule vitabu tu. Tangu Julai 2025, baada ya mahakama kuidhinisha mapatano katika kesi iitwayo House, vyuo vilivyojiunga na mapatano hayo vimeacha vikomo hivyo vya zamani. Badala yake kuna kikomo cha idadi ya wachezaji, 45 kwa timu ya riadha na 17 kwa mbio za nyika, na chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, yaani zaidi ya shilingi bilioni 2.6. Nyingi ya fedha hizo huenda kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Mwanariadha wa kigeni mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, amebanwa na sheria ya uhamiaji katika mambo ya malipo. Na kwa kuwa siku hizi wanafunzi huhama chuo kwa urahisi, kocha mwenye nafasi 45 mara nyingi huona afadhali kumchukua mtu wa miaka 21 aliyekwisha kuthibitishwa kuliko kumkuza mgeni.

Kwa hiyo barua ya ofa isomwe kwa kalamu mkononi. Inalipa karo tu, au chumba na chakula pia? Bima ya afya je? Ni ya mwaka mmoja au minne? Kocha akiondoka, nani anaiheshimu? Chuo kikilipa nusu, nusu nyingine inaweza kuwa dola 15,000 kwa mwaka, na kabla ya kutoa karatasi ya I-20, ile ya kuombea viza, chuo kitataka kuona kwenye taarifa ya benki kwamba familia inazo. Ofa ya nusu kwa familia ya Mariakani isiyo na mfadhili mwingine ni ofa ya kukataa, hata kama ina nembo nzuri. Ya chuo kidogo kinacholipa kila kitu, katika mji wenye theluji ambao hakuna aliyewahi kuusikia, ichukuliwe.

Gharama halali za nyumbani zinajulikana na zinalipwa kwa ofisi zinazojulikana: dola 350 za mfumo wa usajili wa wanafunzi wa kigeni, dola 185 za viza, jumla karibu shilingi 70,000. Ongeza pasipoti, ada ya ukaguzi wa NCAA na tikiti ya ndege. Kwa hayo harambee inatosha, na Wakenya tunajua kufanya harambee kwa ajili ya mwanafunzi. Yeyote anayedai laki mbili "kumfungulia mtoto njia kwa kocha" anauza kitu ambacho ni bure. Anwani za barua pepe za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo vyao, pamoja na fomu ya mchezaji kujitambulisha. Isitoshe, wakala anayechukua asilimia ya ufadhili humharibia mtoto sifa ya kucheza, kwa kanuni za NCAA zenyewe. Tuliona yaliyowapata wazazi wa Uasin Gishu katika mpango wa masomo ya Finland na Canada: waliuza ng'ombe na mashamba, wakalipa, na wengi wao watoto hawakusafiri. Mpango ule ulipita mikononi mwa serikali ya kaunti. Sembuse mtu mwenye kadi ya biashara na namba ya M-Pesa.

Jambo moja zaidi, ambalo ningependa lisikike kuliko yote niliyoyasema, linahusu mabinti.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1972, iitwayo Title IX, ilivilazimu vyuo kuwapa wanawake nafasi za michezo zinazolingana na za wanaume. Kwa kuwa futiboli ya Kimarekani humeza wanaume wengi sana katika kila chuo, mizani ilibidi isawazishwe kwa kuongeza timu za wanawake kwenye michezo mingine. Katika mpira wa miguu, daraja la kwanza lina timu zaidi ya 300 za wanawake, ilhali za wanaume ni karibu 200. Hata vile vikomo vya zamani vya ufadhili vilikuwa 14 kwa wanawake na 9.9 kwa wanaume. Uwezekano wa msichana kupata nafasi ni mkubwa kuliko wa kaka yake, na sisi hapa, kwa mazoea, tukiwa na nauli ya mtoto mmoja tunamtuma kaka.

Kilifi si jangwa katika hili. Shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwachezesha wasichana mpira katika kaunti hii tangu mwaka 2001. Kwa jirani zetu wa Kwale, shule ya Kaya Tiwi imekuwa bingwa wa taifa wa mpira wa kikapu wa wasichana. Wachezaji wapo. Linalokosekana ni kumbukumbu za michezo yao. Kocha wa mpira hana jedwali la sekunde, anategemea video, na anataka vitu viwili: kipande cha dakika 3 hadi 5 chenye matendo bora, mchezaji akiwa ameonyeshwa kwa mshale kabla ya kila tendo, na mechi moja nzima isiyokatwa, ili aone anafanya nini mpira ukiwa mbali naye. Simu ya kawaida inatosha, ikishikwa kwa ulalo, juu ya meza au jukwaa usawa wa mstari wa katikati, na mpigaji asiufuate mpira tu kama shabiki. Namba ya jezi iandikwe kwenye maelezo, pamoja na nafasi anayocheza, urefu, mwaka wa kumaliza shule, wastani wa alama na jina la mwalimu anayeweza kupigiwa simu. Wastani wa alama uwekwe juu kabisa, kabla ya mabao.

Michezo ya mpira wa miguu ya shule huchezwa muhula wa pili. Shule yenye msichana mmoja tu wa Kidato cha Tatu mwenye uwezo imteue mwanafunzi wa kupiga video tangu mechi ya kwanza ya kata, na mwalimu wa darasa aanze wiki hiyo hiyo kukusanya ripoti zake za nyuma.